Mtalaka wa askari na pensheni ya mumewe

Mwanamke akiachika hapa kwetu Mombasa, watu wana maswali yao matatu. Eda amemaliza? Mahari yake amelipwa? Na watoto wako kwa nani? Akishajibiwa hayo, muulizaji hupiga funda la kahawa na mazungumzo yakahamia kwengine. Swali la nne, la kuwa yule mume alikuwa akichuma nini, na hicho alichokichuma kilichumwa kwa mikono mingapi, aghalabu halimpitikii mtu. Mimi pia halikunipitikia, na kwa ajili hiyo nilimtia binti ya dadangu katika hasara ambayo hata leo sijui nitamlipa kwa nini.

Haya ninayaandika kwa ridhaa yake. Majina siyataji, kwani yule bwana yu hai na ana watu wake hapa mjini, na ugomvi sina naye. Nilitakalo ni kuwa msomaji mwenye binti, dada au mpwa aliyeolewa na askari wa Marekani (na siku hizi si wachache) ayajue mambo ambayo mimi niliyajua baada ya maji kumwagika.

Mpwa wangu aliolewa mwaka 1999, ndoa ikafungwa msikitini papa hapa Mji wa Kale, nami nikawa shahidi. Kijana alikuwa ameshinda ile bahati nasibu ya viza ya Marekani. Mwaka uliofuata alijiandikisha katika jeshi la nchi kavu la huko, maana kwao mgeni mwenye kibali cha kudumu huruhusiwa kuingia jeshini hata kabla hajawa raia. Wazee wetu barazani walinung'unika kidogo. Walikuwa wakizikumbuka manowari za Kimarekani zilizokuja kutia nanga Kilindini baada ya serikali yetu kupatana na Marekani mwaka 1980, na sura ya askari wa Kimarekani waliyokuwa nayo ni ya mabaharia wale wakizurura Barabara ya Kilindini usiku. Lakini kijana alikuwa mtu wa sala na wa haya, na barua zake zilikuwa na pesa ndani. Manung'uniko yakaisha.

Waliishi kwanza Fort Bragg, jimbo la North Carolina. Wakahamishiwa Ujerumani miaka mitatu, wakarudishwa Carolina. Mume alikwenda Iraq mara mbili na Afghanistan mara moja, na kila mara mke alibaki na watoto wawili katika nchi ambayo hana shangazi wala jirani wa kumwachia mtoto akimbilie dukani. Mara mbili alianza masomo ya uuguzi, na mara zote mbili amri ya kuhama ilifika kabla hajamaliza. Kazi alizopata ni za kuuza duka na kuangalia watoto wa wenziwe. Kwa hivyo ilipofika mwaka 2014 mume alikuwa sajini wa cheo cha heshima, na mke alikuwa mke wa sajini, basi.

Mwaka huo alikuja Mombasa kumuuguza mamake. Akiwa hapa, talaka ikafika. Kwanza ilikuwa ya simu, kisha ikaja karatasi yenye mashahidi. Sababu nitaziacha, ni zao wenyewe. Akakaa eda nyumbani kwa mamake, nami nikaliingilia lile jambo nililokuwa nikilijua vyema, nalo ni mahari. Zilikuwa zimebaki shilingi 30,000 za mahari ya kuchelewa. Nilimwendea babake kijana mara tatu, na mara ya tatu nilikaa ukumbini mwake kutoka alasiri hadi magharibi bila kugusa chai, hata pesa zikatoka. Siku ile nilirudi nyumbani nikijiona simba. Kadhi alitoa cheti, eda ikaisha, nikaona kazi yangu imekwisha.

Kumbe kwa sheria ya North Carolina wale walikuwa bado mke na mume. Huko talaka ya ulimi au ya karatasi ya nyumbani haivunji ndoa. Yavunjwa na mahakama, na mahakama haisikii shauri mpaka wawili hao wawe wameishi mbali mbali mwaka mzima. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, nikasema Wamarekani nao wana eda yao, tena ndefu kuliko yetu na mwanamume yumo. Basi mwaka 2015, ule mwaka ulipotimia, yule bwana alipeleka madai yake mahakamani, na makaratasi yakaletwa hadi mlangoni pa dadangu.

Mimi shauri langu lilikuwa moja: tia sahihi, rudisha, usijishughulishe. Lakini mpwa wangu alikuwa ameishi na wake wa askari miaka kumi na minne. Akampigia simu mmoja wao, mwanamke wa Kimarekani aliyeachwa zamani, na huyo akamwambia asikae kimya hata siku moja, kwani katika jimbo lile asiyedai mgawanyo wa mali kabla ya hukumu ya talaka kutolewa, haki hiyo humpotea. Kuna vijitundu vichache tu vya kuponea, kama mtu ambaye mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Akauza bangili zake nne za dhahabu, akaweka wakili katika mji wa Fayetteville, ulio ubavuni mwa ile kambi. Kisha akaja kwangu.

"Mjomba, wakili asema nina fungu langu katika pensheni yake."

"Pensheni ya nani?" nikamuuliza. "Wewe ulibeba bunduki?"

Alinyamaza kitambo, akiupanga upya ushungi wake. "Nilibeba watoto, Mjomba. Yeye asingeweza kubeba vyote viwili."

Sikuwa na jibu, ila sikukubali vile vile. Naona haya kuyasema haya leo.

Sasa sheria yenyewe. Mwezi wa Juni 1981 Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani iliamua kesi iitwayo McCarty, ya daktari wa jeshi mwenye cheo cha kanali na mkewe, iliyotoka California. Majaji walisema kuwa kwa sheria za shirikisho zilivyokuwa, mahakama za majimbo hazina ruhusa ya kuigawa pensheni ya jeshi kama mali ya ndoa. Pensheni ni ya askari peke yake. Wanawake waliozunguka na waume zao kambi kwa kambi miaka ishirini na zaidi wakajikuta mikono mitupu. Makelele yakawa makubwa, na mbunge mmoja mwanamke kutoka Colorado, Patricia Schroeder, akalishikilia jambo hilo Bungeni hata ikapitishwa Sheria ya Kuwalinda Waliokuwa Wake na Waume wa Askari. Rais Reagan aliitia sahihi Septemba 1982, ikaanza kazi Februari 1983.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, wa huko na wa huku. Sheria hiyo haimpi mtalaka hata senti moja. Inachofanya ni kuzirudishia mahakama za majimbo ruhusa ya kugawa. Fungu latoka kwa hakimu wa jimbo, na hakimu hagawi asichoombwa. Tena si hakimu yeyote: ni lazima askari awe mwenyeji wa jimbo lile, au makao yake yawe pale kwa sababu nyingine isiyokuwa kupelekwa kazini, au awe amekubali mwenyewe kusikilizwa pale. Yule bwana alishitaki mwenyewe North Carolina, kwa hivyo mlango huo ulikuwa wazi.

Kosa la pili ni lile la miaka kumi. Utasikia watu wakisema kuwa usipokaa na askari miaka kumi huna chako. Si kweli. Miaka kumi ya ndoa iliyokwenda sambamba na miaka kumi ya utumishi ni sharti la kupata malipo moja kwa moja kutoka ofisi ya malipo ya jeshi, bila kupitia mkono wa mume. Aliyekaa miaka saba aweza kupewa fungu na mahakama, ila itambidi amngoje mtalaka wake amlipe mwenyewe kila mwezi, na anayewajua wanaume wakishaoa tena anaijua kazi hiyo. Ofisi nayo haitoi kwa njia hii zaidi ya nusu ya pensheni inayoweza kugawanywa.

Hesabu tuifanye kwa mfano, kwani nilipoonyeshwa tarakimu ndipo nilipoanza kuona mwangaza. Askari aliyeingia jeshini chini ya mpango wa zamani hupata asilimia 2.5 kwa kila mwaka wa utumishi, kutoka wastani wa mishahara yake ya msingi ya ile miezi 36 iliyokuwa mikubwa. Akitumikia miaka 20 hupata nusu. Tuseme wastani ni dola 5,000 kwa mwezi, pensheni ni 2,500. Katika miaka hiyo 20, miaka 14 alikuwa na mkewe kabla ya kutengana. Miaka 14 katika 20 ni asilimia 70, yaani dola 1,750 ndizo za ndoa. Mahakama ya Carolina huanzia kwenye nusu kwa nusu isipokuwa pana sababu ya kufanya vingine, na nusu ya hizo ni dola 875. Miaka sita ambayo askari alitumikia bila yeye, haigusi. Talaka za huko zilizotoka baada ya tarehe 23 Desemba 2016, askari akiwa bado kazini, zina hesabu iliyobanwa zaidi: huangaliwa cheo na mshahara aliokuwa nao siku ya hukumu, si ule atakaostaafu nao.

Nilipoiona ile hesabu nilikumbuka jina tulilolipa sisi wenyewe fungu la mtu anayestaafu. Twaliita kiinua mgongo. Nami niliwahi kumwona mpwa wangu mwaka 2009 alipokuja likizo, mtoto mmoja mgongoni na sanduku mkononi, mume yuko vitani.

Mwaka 2016 mahakama iliamua, akapewa fungu lake. Na hapa ndipo ninapoingia mimi na hasara yangu.

Baada ya hukumu wakili alimpelekea bahasha. Ndani mlikuwa na fomu na barua ya ukurasa mmoja. Fungu la pensheni, ilisema barua, hufa pamoja na askari. Siku atakayofumba macho, malipo yanakatika. Lakini jeshi lina mpango mwingine, wa mafao ya wanaobakia, ambao hukata kiasi cha asilimia 6.5 katika pensheni, na askari akifa humlipa mjane au mtalaka aliyeandikwa asilimia 55 ya kile kiwango kilichowekwa. Hakimu alikuwa ameamuru mtalaka aandikwe. Ila amri ya hakimu haitoshi. Ni lazima mume apeleke maandishi, au mke mwenyewe apeleke fomu yake pamoja na nakala ya hukumu, na vifike ofisini kabla mwaka haujapita tangu tarehe ya ile hukumu. Hata kama askari bado yuko kazini, mwaka unahesabiwa.

Akaniletea bahasha ile nimshauri. Nikaisoma mara mbili, nikaivua miwani. Nikamwambia hili silo kama lile la kwanza. Hii ni bima, na bima ina maneno. Tena ni mirathi iliyovikwa nguo nyingine: mtalaka aliyemaliza eda hamrithi mume, hata Marekani ikisema vipi. Usije ukamlisha mamako haramu uzeeni. Aliniamini, kwani mimi ndiye niliyemfundisha juzuu ya kwanza. Nikaitia bahasha katika mtoto wa meza yangu, tukaongea mengine.

Yule bwana alioa tena, akastaafu mwaka 2020. Siku ya kustaafu, mke aliye naye ndiye aliyeandikwa katika ule mpango. Malipo ya mpwa wangu yalianza mwaka huo huo, na hayajakosa hata mwezi mmoja. Alipoandika kuuliza habari ya mafao ya wanaobakia, alijibiwa kwa adabu kuwa hakuna fomu yoyote iliyofika kwa wakati. Wakili akamwambia pana baraza la kusahihisha kumbukumbu za jeshi ambalo mtu aweza kuliomba, lakini madhali pana mke mwingine aliyeandikwa asitie moyo sana.

Ndipo nilipofanya ambalo ningelifanya mwaka 2016. Nilikwenda Majengo kwa sheikh mmoja mzee, niliyesoma naye, nikamweleza yote kuanzia mahari. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia.

"Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mke alazimika kupika na kufua?"

"Halazimiki, Sheikh. Akifanya ni hisani yake."

"Basi miaka kumi na minne alikuwa akifanya hisani yenye thamani. Hisani haidaiwi, hilo kweli. Lakini mume alipoingia katika kazi ile, aliingia katika mkataba wenye sheria za nchi ile, na alizijua. Mwajiri wake amesema sehemu ya ujira huu, mahakama ikiamuru, ni ya mke. Wewe waita nini? Wizi?"

Nikamuuliza juu ya yale mafao ya baada ya kufa. Akasema tirka ni kile alichokimiliki maiti, na malipo yale maiti hakuyamiliki hata siku moja. Ni serikali inayomlipa mtu iliyemwandika. Hata hivyo akaongeza kuwa maulamaa hawakukubaliana juu ya mambo ya bima, wako wanaokataza na wako wanaoruhusu yale ya serikali, na kwamba yeye mwenyewe asingemhukumu mwanamke kwa kuchukua wala kwa kuacha. "Lakini wewe hukumwuliza mtu," akaniambia. "Ulitia fatwa yako katika mtoto wa meza."

Sikulala usiku ule. Kinachoniuma zaidi ni kuwa mambo haya hayakuwa mageni hata kwetu Afrika Mashariki. Mwaka ule ule wa 1983 ambao sheria ya Marekani ilianza kazi, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Waislamu wote wawili, ikasema kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndoani. Bibi mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu ilionekana alikwisha kuzitumia vibaya pesa alizopewa na mumewe, lakini neno lile lilibaki. Hapa Kenya, sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 imemwachia Mwislamu nafasi ya kufuata sheria ya Kiislamu katika mali hiyo, na wengi wetu tumelisoma hilo kama kwamba sheria ya Kiislamu imesema mke hana chake. Haikusema hivyo. Imesema kila mmoja ana alichokichuma. Kuchuma ni nini, hilo ndilo hatujakaa tukaulizana.

Pana hofu nyingine inayomnyemelea mpwa wangu. Mumewe aliumia goti vitani. Askari mwenye kilema aweza katika hali fulani kuacha sehemu ya pensheni akapokea badala yake malipo ya ulemavu, na malipo hayo hayagawanywi. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1989 katika kesi ya Mansell, na mwaka 2017, katika kesi ya Howell, ikasema mahakama ya jimbo haiwezi hata kumwamuru mume alifidie lile pengo. Katika kesi hiyo ya mwisho talaka ilikuwa ya mwaka 1991, na pengo likaja miaka mingi baadaye, mke akiwa amezoea kuhesabu nusu yake. Kwa mpwa wangu halijatokea.

Wanawake wenzake humwuliza kama akiolewa tena atanyang'anywa. Fungu la pensheni, sheria ya shirikisho haiwekei sharti hilo, ila hukumu yenyewe iwe imesema. Yale mafao aliyoyakosa ndiyo yanayosimama mtalaka akiolewa kabla ya kufika miaka 55. Yeye hucheka tu. Posa zilikuja mbili, akazikataa zote kwa sababu zake.

Kwa zile dola amemkarabatia mamake nyumba, mdogo wake anasomea udaktari wa meno, na yeye mwenyewe amerudi kwenye uuguzi kwa mara ya tatu, akiwa darasani na wasichana wa umri wa binti yake. Bahasha ingali katika mtoto wa meza yangu. Sijathubutu kuitupa wala kumrudishia.

Mwanawe mkubwa anaishi na babake huko Carolina. Kila Ijumaa baada ya sala mama humpigia simu, na juma lililopita nilikuwapo. Aliuliza masomo, akauliza baridi, akauliza kama anakula. Kisha akashusha sauti.

"Na babako je, dawa zake za presha anazimeza?"

Mtoto akasema anazimeza.

"Mwambie asisahau. Na chumvi apunguze. Mwambie mimi namwombea dua, umri mrefu."

Akakata simu, akanitazama, nami nikatazama chini.